Njia ya Mate: Historia ya Jiwe la Tezi na Tiba Yake

Miongoni mwa maradhi yaliyo madogo kwa umbo na makubwa kwa maudhi, ni hili la jiwe linalofanyika ndani ya mrija wa tezi ya mate. Mtu huketi kwenye chakula akiwa mzima wa siha. Hata kabla tonge la kwanza halijapita kooni, huhisi chini ya taya yake pakivuta, pakikaza, kisha pakivimba mpaka uvimbe ukaonekana na kila amtazamaye. Huacha kula kwa uchungu, akakaa muda wa saa moja au mbili, na uvimbe ukashuka taratibu bila ya dawa, mpaka uwadie wakati wa chakula kingine, mambo yakawa yale yale. Mgonjwa wa namna hii huogopa chakula ilhali ana njaa, na aghalabu huzunguka na maradhi yake miaka na dahari, huyu akimwambia ni jino, yule akimwambia ni koo, na wa tatu akimwambia ni perema iliyorejea.

Tezi kubwa za mate katika mwili wa mwanadamu ni jozi tatu: jozi iliyo mbele ya masikio, jozi iliyo chini ya taya, na jozi iliyo chini ya ulimi, na fauka ya hizo ziko tezi ndogo ndogo kwa mamia, zilizotawanyika katika midomo, mashavu na kaakaa. Katika kila mawe kumi ya mate, takriban manane hupatikana katika tezi ya chini ya taya, na sababu zake ni za kimaumbile: mrija wake ni mrefu, kadiri ya sentimita 5, nao hupanda kutoka chini kwenda juu; mate yake ni mazito kuliko ya tezi ya sikio, na madini ya kalsiamu yamo humo kwa wingi; na tundu lake, lililo chini ya ulimi nyuma ya meno ya mbele, ni jembamba kuliko mrija wenyewe, kadiri ya nusu milimita tu. Basi mate yakipungua mwendo katika njia kama hiyo, chembe za fosfeti ya kalsiamu hushikamana, na jiwe likazaliwa.

Muradi wa makala haya ni kueleza jinsi wanadamu walivyoijua njia hiyo, jinsi walivyoiacha kwa muda mrefu wakashika kisu, na jinsi walivyorudi kwayo katika zama zetu. Kwani naamini kwamba tiba ya maradhi haya ilistawi kila mara matabibu walipoifuata njia ya mate yenyewe, na ikawagharimu wagonjwa kila mara walipoipita kando.

Tuanze Andalusi. Katika mji wa Madinat al-Zahra, karibu na Cordoba, aliishi tabibu Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki takriban mwaka 1013, mtungaji wa kitabu kikubwa kiitwacho al-Tasrif chenye makala 30, ambacho makala yake ya mwisho ni ya upasuaji, nayo ina michoro ya ala zipatazo 200. Humo aliweka mlango mahsusi juu ya uvimbe unaotokea chini ya ulimi, ambao matabibu wa zamani waliufananisha na chura, na ambao sisi leo twajua kuwa mara nyingi ni mate yaliyokosa njia yakajikusanya chini ya utando wa kinywa. Al-Zahrawi alimwagiza mwanafunzi wake amketishe mgonjwa mbele ya jua, amfunue kinywa, autazame uvimbe kwa makini: akiuona una weusi, ni mgumu, na mgonjwa hana hisia mahali pale, asiuguse, kwani hiyo ni saratani, na akiuona unaelekea weupe na una unyevu, autie ndoana, aukate kwa kisu chembamba na kuutenga kila upande, kisha mgonjwa asukutue kwa siki na chumvi. Katika maneno hayo machache mna adabu nzima ya utabibu: kutazama kwanza, kugusa pili, kubagua lililo la hatari na lisilo la hatari, na kujua ni lini mkono uzuiliwe. Gerard wa Cremona aliifasiri makala hiyo kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12, na kwa muda wa karne nyingi wapasuaji wa Ulaya wakaisoma kama mwongozo wao.

Lakini al-Zahrawi na waliomtangulia walitibu uvimbe pasipo kuijua njia. Naam, Galeni alikuwa ametaja matundu ya chini ya ulimi yatoayo umajimaji. Ila tezi zenyewe hazikupewa heshima ya kiungo chenye kazi yake. Wengi walizidhania kuwa mito iliyowekwa kuegemeza mishipa ya damu, au kuwa sifongo za kunyonya unyevu uliozidi. Dhana hiyo ilianza kuvunjika mjini London mwaka 1656, pale Thomas Wharton alipotoa kitabu chake kiitwacho Adenographia, ambacho ndani yake alizichukua tezi za mwili mzima, moja baada ya moja, akazieleza umbo na mahali pake. Wharton alizaliwa mwaka 1614 katika jimbo la Durham, na ni tabibu aliyebaki mjini London akiwahudumia wagonjwa wa hospitali ya St Thomas mwaka 1665, tauni ilipouangamiza mji na wengi wa matabibu wakakimbilia mashamba. Katika kitabu hicho aliueleza mrija utokao katika tezi ya chini ya taya na kufunguka chini ya ulimi, na mrija huo unaitwa kwa jina lake hata leo. Hakupatia kila jambo. Tezi iliyo mbele ya koromeo aliidhania kuwa imewekwa ili kuipendezesha shingo. Hata hivyo, alikuwa ameonyesha jambo lisiloweza kurudishwa nyuma: kwamba tezi ya mate ina mlango, na kwamba mlango huo umo kinywani, mahali ambapo jicho na kidole cha tabibu vinafika.

Ikabaki tezi kubwa kuliko zote, ile ya mbele ya sikio, ambayo mlango wake hakuna aliyeujua. Na aliyekuja kuufungua hakuwa sheikh wa madaktari, bali ni mwanafunzi wa miaka 22. Niels Stensen alizaliwa Copenhagen mwaka 1638, mwana wa mfua dhahabu, akasoma kwa Thomas Bartholin, na katika majira ya kuchipua ya mwaka 1660 akafika Amsterdam akiwa na barua ya kumpeleka kwa tabibu Gerard Blasius, aliyempokea nyumbani kwake na kumfundisha. Kijana hakuwa na mali ya kununua maiti za kuchunguza; alikwenda sokoni akanunua kichwa cha kondoo kwa fedha zake mwenyewe, akaomba ruhusa ya kukipasua katika chumba cha mwalimu wake. Ilikuwa tarehe 7 Aprili. Nia yake ilikuwa kuutazama ubongo. Ila kabla ya kufika huko alitaka kwanza kuifuata mishipa ya kinywani, akakitia kijiti chake chembamba cha chuma katika uwazi alioukuta kwenye tezi ya shavu. Mara akahisi kwamba ncha ya kijiti haibanwi tena, inacheza katika nafasi pana. Akaisukuma kidogo, na akasikia chuma kikigonga meno.

Naomba msomaji asimame kidogo hapa, kwa sababu sauti ile ndogo ya chuma juu ya jino la kondoo ndiyo iliyomaliza mabishano ya karne nyingi. Tezi iliyodhaniwa kuwa mto wa kuegemeza ilikuwa na njia yake, inayopita juu ya msuli wa shavu, ikautoboa, na kumwaga mate kinywani mkabala wa meno ya juu ya nyuma. Stensen akamwita mwenyeji wake. Blasius akatazama, akasema kwanza kwamba kijana ametumia nguvu akatoboa pasipo na tundu. Alipoonyeshwa kwamba sivyo, akasema huenda ni kioja cha maumbile, jambo la kondoo yule peke yake. Kisha wakafungua kitabu cha Wharton, wasiukute humo. Baada ya siku chache Stensen akapasua kichwa cha mbwa, akaukuta mrija ule ule, ijapokuwa si dhahiri kama wa kwanza. Akanyamaza, akafunga mizigo yake, akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Huko Leiden mambo yakawa mengine. Alipowaeleza walimu wake alichokiona, Franciscus Sylvius aliutafuta mrija ule katika mwili wa mwanadamu akaupata, na Johannes van Horne akauonyesha mbele ya hadhara ya wanafunzi, akauita kwa jina la Stensen. Blasius alipopata habari alighadhibika, akadai katika kitabu chake cha mwaka 1661 kwamba mvumbuzi ni yeye. Na kijana akalazimika kujitetea kwa kalamu, kwanza katika mjadala wake wa Julai 1661 juu ya tezi za kinywa, kisha katika kitabu cha mwaka 1662. Hoja yake haikuwa matusi. Aliandika kwa usahihi wapi mrija unaanzia, wapi unapita, na wapi unaishia, mambo ambayo mpinzani wake, pamoja na madai yake yote, hakuweza kuyaeleza sawasawa. Akaongeza na maelezo ya njia za machozi, ambazo hakuna aliyekuwa amezifafanua namna ile. Ndivyo dunia ya ilimu ilivyomhukumia haki. Baada yake njia nyingine zikajulikana upesi: Rivinus wa Leipzig mwaka 1679, na Caspar Bartholin mdogo mwaka 1684, waliieleza mirija ya tezi za chini ya ulimi, na kabla karne ile haijafungwa, ramani ya mito ya mate ilikuwa imekamilika.

Stensen mwenyewe hakudumu katika utabibu. Alihamia Florence, na mwaka 1669 akatoa kitabu kidogo juu ya vitu vigumu vilivyofungika ndani ya vitu vigumu, ambacho ndani yake aliweka kanuni kwamba tabaka la chini la mwamba lilitangulia kuwekwa kabla ya lile la juu yake. Kwa kanuni hiyo anahesabiwa kuwa miongoni mwa waasisi wa ilimu ya miamba. Kisha aliingia upadri, akafanywa askofu mwaka 1677, akafariki Schwerin mwaka 1686 katika hali ya ufukara aliyoichagua, na mwaka 1988 Kanisa Katoliki likamtangaza mwenyeheri. Ajabu yake ni kwamba ilimu zake hizo mbili, ile ya ujana juu ya mirija na ile ya utu uzima juu ya tabaka za mawe, hukutana katika maradhi haya tunayoyazungumza. Maana jiwe la mate likikatwa na kutazamwa kwa hadubini, huonekana limejengwa tabaka juu ya tabaka kuzunguka kiini chake, la ndani likiwa kongwe na la nje likiwa changa, kila tabaka ni kumbukumbu ya siku ambazo mate yalituama.

Kwa nini basi jiwe dogo, pengine lisilozidi punje ya mtama, liumize namna ile, na liumize wakati wa chakula tu? Jawabu lilichelewa mpaka karne ya 19. Mwaka 1851 Carl Ludwig alionyesha kwamba neva ya tezi ya chini ya taya ikichochewa, tezi hutoa mate. Na alipoupima mkazo wa mate ndani ya mrija ulioziba, aliukuta unaweza kupita hata mkazo wa damu katika ateri. Kwa hiyo mate hayachujwi kutoka damuni kwa msukumo wa damu. Tezi yenyewe huyasukuma kwa nguvu zake. Miaka michache baadaye Claude Bernard, huko Paris, alionyesha kwamba neva hiyo hiyo huitanua mishipa ya damu ya tezi, na damu ikafurika humo. Naye Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, aliwatolea mbwa mirija ya mate nje ya shavu, akayahesabu matone, akabainisha kwamba mate hutoka hata kwa kuona na kunusa chakula, kabla hakijatiwa kinywani. Ukiyaunganisha mambo hayo matatu, shtaka la mgonjwa wetu hufahamika lote: harufu ya pilau peke yake yatosha kuiamrisha tezi, tezi husukuma mate kwa nguvu ipitayo ya damu, damu hufurika kuilisha, na mbele ya hayo yote mlango umefungwa kwa jiwe. Mgonjwa asemaye kwamba shingo yake huvimba aonapo chakula hasemi mambo ya kubuni, na daktari amsikilizaye vizuri ameshapata nusu ya utambuzi.

Si kila uvimbe wa tezi, lakini, ni jiwe, na historia inatuonya kwa mfano mzito. Tarehe 2 Julai 1881, James Garfield, Rais wa Marekani, alipigwa risasi katika stesheni ya reli mjini Washington. Aliugua siku nyingi katika joto la kiangazi, akakonda, akashindwa kula, madaktari wakawa wakimlisha kwa njia ya haja kubwa; na katikati ya Agosti tezi yake ya mate ya upande wa kulia ikavimba, ikatunga usaha, ikalazimu kupasuliwa. Alifariki tarehe 19 Septemba, na haikuwa tezi iliyomwua. Ila tezi ile ilitangaza hali ya mwili mzima. Mtu asiyekula wala kunywa ya kutosha, mate yake hukauka. Na mate yakikoma kutoka, vijidudu vya kinywani hupanda mrija kinyume cha mkondo. Wapasuaji wa zamani waliliogopa jambo hili kwa wagonjwa wao waliodhoofika, mpaka maji ya kutiwa mshipani, usafi wa kinywa, na dawa za kuua bakteria zilipolipunguza katika karne ya 20.

Perema nayo ni maradhi mengine. Hippokrati aliieleza kama alivyoiona katika kisiwa cha Thasos: uvimbe karibu na masikio, bila ya homa kali, uliowapata hasa vijana wa kiume, na baadhi yao wakavimba na korodani, na mwaka 1934 Johnson na Goodpasture walithibitisha kwamba sababu yake ni virusi. Maurice Hilleman alichukua virusi hivyo kooni mwa binti yake mgonjwa mwaka 1963, akatengeneza chanjo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1967. Na kuna ukavu usio na jiwe wala virusi: mwaka 1933 Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden, alitoa tasnifu juu ya wanawake 19 waliokauka macho, ambao wengi wao walikauka na vinywa na kuumwa viungo. Wakubwa wake hawakuithamini tasnifu ile, wakampa alama zisizomwezesha kuwa mhadhiri. Leo maradhi hayo, ambayo kinga ya mwili huzishambulia tezi za mwenyewe, yanajulikana dunia nzima kwa jina lake. Basi tabibu mwangalifu huuliza: je, uvimbe huja na chakula ukaondoka, au umekaa? Ni upande mmoja au pande zote mbili? Una homa? Kinywa kimekauka? Na likiwapo donge gumu lisiloondoka, linaloendelea kukua, au uso ukaanza kupooza upande mmoja, asilicheleweshe kwa dawa za kujaribia, bali alipeleke kuchunguzwa saratani, kama alivyousia al-Zahrawi miaka elfu iliyopita.

Turudi kwenye jiwe. Kwa muda mrefu ala ya kulitambua ilikuwa vidole viwili: kimoja ndani ya kinywa chini ya ulimi, kingine nje chini ya taya, vikikutana na kuutembeza mrija katikati yake kutoka nyuma kwenda mbele, na jiwe lililo karibu na mlango huhisiwa hivyo, pengine hata huonekana likichungulia kwa rangi yake ya manjano. Wilhelm Röntgen alipogundua miale ya eksirei mjini Würzburg mwezi Novemba 1895, matabibu wakapata jicho la kuyaona yaliyofichika, kwani mengi ya mawe ya tezi ya taya yana kalsiamu ya kutosha kutia kivuli katika picha. Yale yasiyotia kivuli, hasa ya tezi ya sikio, yalihitaji hila nyingine. Na katika miaka ya 1910 na 1920 wakaanza kutia dawa mrijani, kwanza bismuthi, kisha mafuta yenye iodini, ili picha iuonyeshe mrija mzima na matawi yake, na mahali ulipokatika. Angalia kwamba sindano ile butu ya kutilia dawa ilipita katika mlango ule ule wa Stensen na wa Wharton. Njia ilikuwa wazi kwa picha. Haikuwa wazi bado kwa tiba.

Maana katika tiba, matabibu walikuwa wameelekea kwingine. Jiwe lililo mbele walilitoa kwa kuukata utando wa chini ya ulimi juu yake, kazi fupi yenye faraja ya papo hapo. Lakini jiwe lililozama nyuma, karibu na tezi au ndani yake, lilihukumiwa pamoja na tezi yenyewe: dawa ya kulaza ilipopatikana kuanzia mwaka 1846, na usafi wa upasuaji aliouhimiza Joseph Lister kuanzia mwaka 1867, kuiondoa tezi nzima kwa mkato wa shingoni kukawa jambo lililowezekana, kisha likawa desturi. Si haki kuwalaumu wapasuaji wale, kwani waliwaokoa wengi na mateso ya miaka. Ila gharama yake ilikuwa kweli: chini ya taya hupita tawi la neva ya uso linaloshusha pembe ya mdomo, neva ya hisia ya ulimi, na neva iutikisayo ulimi, na katika tezi ya sikio neva yote ya uso hupita ndani kwa ndani, mkono ukikosea shavu likalala. Fauka ya hayo, hukumu ya kwamba tezi yenye jiwe imekwisha kuharibika ilitolewa bila ya shahidi. Mwaka 2001 Francis Marchal na wenzake wa Geneva walizitazama kwa hadubini tezi zilizokuwa zimeondolewa kwa ajili ya mawe, wakakuta kwamba nyingi miongoni mwazo zilikuwa nzima au karibu na nzima. Kiungo kilitupwa ambacho kosa lake lilikuwa kufungiwa mlango tu.

Mageuzi yalianzia mahali pasipotarajiwa, katika figo. Mjini Munich, Februari 1980, jiwe la figo la mgonjwa lilivunjwa kwa mawimbi ya mshindo yaliyotoka nje ya mwili. Na mwaka 1989 Heinrich Iro na wenzake wa Erlangen wakaandika kwamba wamefanya vivyo hivyo kwa mawe ya mate, wakiyalenga kwa ultrasaundi, vipande vikatoka vyenyewe pamoja na mate. Wakati huo huo wengine walikuwa wakitengeneza darubini za kupita mrijani. Philippe Katz wa Paris mwanzoni mwa miaka ya 1990, Oded Nahlieli wa Israel, na Marchal wa Geneva baada yao, walifika mahali pa kuingiza katika tundu la nusu milimita, baada ya kulitanua kidogo kidogo kwa vijiti laini, darubini yenye unene wa kiasi cha milimita moja au moja na ushei, yenye taa, yenye njia ya kupitishia maji ya chumvi, na yenye nafasi ya kupitishia kikapu cha nyuzi za chuma. Daktari huliona jiwe kwa jicho lake; likiwa dogo, lisilozidi milimita 3 au 4, hulinasa na kulivuta; likiwa kubwa, hulivunja kwanza, au huongozwa na nuru ya darubini kukata utando wa kinywa mahali pale pale lilipo, akalitoa, akaiacha tezi mahali pake. Na kumbe mara nyingine hakuna jiwe kabisa, ni mrija uliosinyaa kwa kovu. Hilo ni jambo ambalo zamani halikuweza kuonekana, na ambalo hutibiwa kwa kuutanua.

Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 2009 Iro, Mark McGurk wa London na wenzao walikusanya habari za wagonjwa 4,691 waliotibiwa kwa njia hizi: asilimia 80.5 waliondokewa na jiwe kabisa, asilimia 16.7 walibakiwa na kiasi tu, na waliolazimika kuondolewa tezi walikuwa asilimia 2.9. Kwa maradhi ambayo jiwe lake likiwa nyuma, hukumu ya tezi ilikuwa kisu, takwimu hizi ni mapinduzi yaliyotimia bila ya kelele.

Kwetu Afrika ya Mashariki darubini hizi si za kila hospitali, na mgonjwa wa wilayani hawezi kuzingoja. Lakini msomaji asidhani kwamba hana alichopewa na historia hii. Vidole viwili vya tabibu havihitaji umeme; ultrasaundi ile itazamayo mimba yaweza kutazama na tezi ya taya; jiwe lililo mbele hutolewa kwa ganzi na mkato mdogo wa kinywani, kazi iwezayo kufanywa na daktari wa meno aliyefundishwa; na mawe madogo mengi hutoka yenyewe mgonjwa akinywa maji kwa wingi, akimumunya ndimu ili mate yasukume, akiikanda tezi kutoka nyuma kwenda mbele kwa kitambaa cha moto. Ila kukiwa na homa, usaha unaotoka mrijani, au uvimbe ulioenea sakafuni mwa kinywa ukimtatiza mtu kumeza au kuvuta pumzi, asikae nyumbani hata saa moja. Hiyo ni dharura.

Inayotakiwa zaidi kwetu ni mafunzo kabla ya mitambo. Mwuguzi wa zahanati akijua kumwuliza mgonjwa swali moja tu, kama uvimbe wake huja na chakula, atamwokoa na meno yanayong'olewa bure, na dawa zinazomezwa mwaka hata mwaka pasipo faida; na mpasuaji akiikumbuka njia kabla ya kuichukua tezi, atamwachia mgonjwa kiungo ambacho kwa haki ni chake. Mwili uliweka mlango kinywani. Wharton na Stensen waliuonyesha kwa kijiti cha chuma na subira, na wajibu wa kila tabibu aliyekuja baada yao ni kuujaribu mlango huo kwanza, kabla hajavunja ukuta.